Majani Aliyopanda Dada

Tarehe tisa Agosti, mwaka juzi, asubuhi, nilimpoteza dada yangu. Moyo wake ulikuwa umechoka tangu Pasaka, na sisi tuliokuwa tukikaa naye tulikuwa tumeshaanza kumlilia kimoyomoyo kabla hajaondoka. Aliacha kitanda, baiskeli isiyo na breki, mtamba mmoja mwekundu mwenye mimba, migomba ya marehemu baba, na mteremko wa majani chini ya nyumba yetu hapa Mbuba.

Vitu vyote hivyo havikuwa na maneno, isipokuwa mteremko. Kaka yetu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba afariki, alikuwa ameshasema, dada akiwa bado hospitali, kwamba majani yale yatang'olewa na pale patapandwa mihogo. Hakusema kwa ubaya. Aliona ardhi imekaa na majani tu. Lakini mimi nilikuwa naishi kwa majani yale, na sikujua nitaishi kwa nini yakiondoka.

Mwaka jana, kwenye misa ya kumkumbuka, katekista aliniomba nisimame niseme neno kuhusu dada. Nilisimama, nikashindwa, nikakaa. Shule yangu iliishia darasa la saba na si mtu wa kusema mbele za watu. Ndiyo maana nayaandika haya polepole, ili niseme nilichotaka kusema siku ile.

Tulipokuwa wasichana, mimi na dada tulichunga ng'ombe. Watu waliona ajabu, kwa sababu hiyo ni kazi ya wavulana, lakini kaka alikuwa shule ya bweni na baba hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Dada alitangulia mbele na fimbo, mimi nilifuata nyuma nikizuia ndama. Tulichunga juu ya kilima, tukashuka nyuma ya kanisa, na kiangazi tulikwenda bondeni ambako palikuwa na majani mabichi mwaka mzima. Dada alipajua kila mahali. Alijua wapi pana kupe wengi na wapi ng'ombe wakifika hawainui tena kichwa.

Halafu sehemu hizo zikaanza kwisha, moja baada ya nyingine, wala hakuna aliyeshtuka. Juu ya kilima mtu alipanda mikaratusi. Nyuma ya kanisa yalijengwa madarasa. Bondeni watu walilima maharage na mboga za kiangazi. Mashamba yaliyobaki, akina baba waligawia wana wao, na wana nao wakagawia wana wao, hadi mpaka wa jirani ukawa karibu na mlango. Baba aliuza ng'ombe wake mmoja mmoja. Wa mwisho alimuuza akasema amechoka kumtembeza njaa.

Maneno hayo yalikuwa maneno ya kila siku. Jumapili baada ya misa, wanaume wakisimama pale nje, lazima mmoja atasema, "Malisho yamekwisha," na mwingine ataitikia, "Yamekwisha kweli." Kisha wanaulizana habari za mvua. Mimi nimeyasikia hayo tangu utoto mpaka nimeota mvi. Nilikuwa nayasikia kama mtu anavyosikia jogoo.

Dada aliolewa Nyakahura, kule Biharamulo, kwa watu wenye ng'ombe wengi. Alikaa huko miaka mingi na hakujaliwa mtoto. Mume wake alipofariki, wakwe walimheshimu, walimwambia akae, lakini yeye alitaka kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimesharudi kabla yake, kwa sababu zangu ambazo si za leo, na nilikuwa nakaa peke yangu kwenye nyumba ya baba.

Siku aliyorudi nilikwenda kumpokea barabarani. Nilitegemea kuona sanduku, magodoro na masufuria. Kondakta alishusha begi dogo la nguo na gunia moja refu lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilijaribu kuliinua, likanishinda.

"Dada, umebeba nini?"

"Miwa," akasema.

Watoto waliokuwa karibu walisikia neno miwa. Tulipolifungua nyumbani, mmoja alichomoa fimbo, akaimenya kwa meno, akatafuna, akatema. Dada alicheka sana. Yalikuwa mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe yanayofanana na matete ya bondeni, ila ni manene zaidi na majani yake ni laini. Bwana mifugo mmoja wa kule Nyakahura alimpa vipingili bure akamwonyesha jinsi ya kuvipanda. Dada alikuwa akimwombea mtu huyo kila jioni, na jina lake alikuwa halijui.

Kesho yake kaka alikuja kumwona. Alikuta tunachimba mashimo kwenye mteremko.

"Shikamoo kaka," tukasema.

"Marahaba. Mnapanda nini?"

"Majani," dada akasema.

Kaka alitazama gunia, akamtazama dada, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye nitakayemweleza vizuri zaidi.

"Majani," akasema. "Mtu ametoka Nyakahura, amelipa nauli ya gunia, analeta majani Mbuba. Sisi huku tunayang'oa kila siku yanatushinda."

"Haya ni ya kulisha ng'ombe, kaka."

"Ng'ombe wako wako wapi?"

"Sina."

Kaka alivua kofia akajikuna kichwa. "Basi mimi nitakuita Bibi Majani," akasema, na jina hilo likatembea kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Dada aliliitikia. Mtu akimwita "Bibi Majani" njiani alijibu "Abee" kama jina la ubatizo.

Nilimwuliza siku ile jioni tukipika, kwa nini ameleta majani wakati hatuna hata mbuzi. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno.

"Nyakahura nimeona ng'ombe wakipita barabarani kwenda mnadani, mbavu nje," akasema. "Kule kuna uwanda mpana, na bado malisho yamewaishia. Huku kwenye vilima itakuwaje? Na watoto wote sasa wako shule. Nani atachunga? Watu watafunga ng'ombe nyumbani. Ng'ombe aliyefungwa anataka kuletewa."

"Nani amekwambia watafunga ng'ombe nyumbani?"

"Hawajasema hilo. Lakini kila Jumapili wanasema malisho yamekwisha. Mimi nimewaamini tu."

Nimefikiri juu ya maneno hayo mara nyingi tangu afariki. Hakudai kuona kitu ambacho wengine hawakukiona. Walikiona wote, na walikisema kila wiki kwa sauti. Yeye tu ndiye aliyelichukua neno lile kuwa ni kweli, akachukua jembe.

Majani yalichipua vizuri mvua za kwanza. Yalipofika magotini, dada akashikwa na malaria kali, nikampeleka hospitali ya mjini Ngara na kukaa naye huko. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walisikia. Wakaja nyumbani kwetu na majembe yao kutusaidia, kama tunavyosaidiana kwa mgonjwa. Walipalilia maharage ya nyuma ya nyumba. Walipomaliza wakatazama chini, wakaona mteremko mzima umeota matete.

Lazima nieleze kwamba kwetu shamba lenye majani ni aibu. Mtu akipita akaona magugu kwenye shamba lako, hatasema kitu, lakini amekwisha kukujua wewe ni mtu wa namna gani. Wanawake wale waliona aibu kwa niaba yetu. Walisema, maskini, hawa wako hospitali na magugu yamewazidi. Wakashuka wakang'oa shina moja baada ya jingine, na mizizi yake, wakiimba. Wakayatupa kwenye kingo za makinga maji na kando ya njia.

Tuliporudi walikuwa wamekusanyika kutupokea. Wameosha masufuria, wamejaza maji mapipa. Mwenyekiti wao alituonyesha kwa mkono: mteremko safi, mwekundu, kama umefagiliwa.

Nilimtazama dada. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga begani, amekonda. Alitazama chini muda mrefu.

"Asanteni sana mama zangu," akasema. "Mungu awabariki. Sijawahi kuona shamba safi namna hii."

Walipoondoka wote alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akalala chali kwenye mkeka machozi yakimtoka. "Na wameimba," akasema. "Wamesema wameimba."

Mimi sikucheka siku ile. Lakini mvua zilipoendelea, yale mashina yaliyotupwa kwenye kingo yaliota pale pale yalipoangukia, kwa sababu majani hayo kila pingili ina macho yake. Yaliota kwa wingi, yakashika udongo wa makinga, na maji yakaacha kuchimba mifereji kwenye mteremko kama yalivyokuwa yakifanya tangu enzi za baba. Tulikata vipingili kutoka hapo tukajaza tena katikati. Dada alisema jumuiya imepanda vizuri kuliko yeye. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mashina machache akayatumie kama miti ya kutambazia maharage, nayo yalimwotea. Mpaka leo anayo, na akikusimulia ni kama yeye ndiye aliyeanza.

Basi tukawa na majani, na ng'ombe hatuna. Watu walipita, wakacheka, wakachoka kucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi. Pale tungepata mihogo au mahindi, na kuna miezi ambayo tulihitaji mahindi.

Ilikuja kiangazi kimoja kikali. Jirani yetu wa upande wa chini, mzee mwenye utani mwingi, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wajukuu waliokuwa wakimchungia walikuwa shule, na bondeni walikuwa wameweka mtu wa kulinda bustani. Asubuhi moja tulimwona amesimama kwenye ukingo wa shamba, amevaa koti lake zito juani, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee," dada akasema.

"Marahaba. Nimepita kuyaona matete yako."

"Yaone, mzee. Hayajafungwa."

"Yamependeza."

"Na hilo panga nyuma ya koti?"

"Hili? Natembea nalo tu."

"Basi litembeze huku kushoto, lisije likapita kwenye maharage."

Mzee alicheka akalitoa panga. Alikata mzigo mmoja, dada akimwonyesha mahali pa kukata, kiganja kimoja juu ya ardhi ili shina lichipue tena. Alipokwisha kuufunga alisimama na aibu yake.

"Nikupe nini, mwanangu?"

"Ng'ombe wako akila haya atatoa nini?"

"Atatoa maziwa, Mungu akipenda."

"Na nini kingine?"

Mzee alifikiri, kisha akacheka tena. "Hicho kingine hata Mungu asipopenda kinatoka."

"Hicho ndicho nakitaka. Niletee kwenye migomba."

Ndivyo ilivyoanza. Anayekata mzigo wa majani analeta tenga la samadi na kulimwaga kwenye migomba ya baba. Hakuna aliyeandika wala aliyedai. Migomba ile ilikuwa imezeeka, mikungu yake midogo kama ya kuchezea, na sisi tulikuwa tumeshaizoea hivyo. Samadi ikaingia mwaka wa kwanza, wa pili, na migomba ikainuka ikawa na kivuli cheusi kama nilivyokikumbuka utotoni. Tulianza kupata ndizi za kula na za kupeleka barabarani kwa wenye malori. Kwa ndizi hizo tulibadilisha bati, tukajenga choo kizuri, tukaacha kukopa chumvi.

Na kama dada alivyosema, watu wakaanza kufunga ng'ombe nyumbani. Kwanza wachache, halafu kila penye ng'ombe palijengwa banda. Hakuna mtu aliyetangaza. Siku moja nilikuwa napita njiani nikagundua sijaona kundi la ng'ombe likipita tangu mvua zilizopita. Wote walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba, wanasubiri kuletewa.

Kaka naye alikuwa na ng'ombe wake, lakini hakuwafunga. Kulikuwa na kilima kingine mbali kidogo, mali ya mtu anayekaa mjini, ambaye hakuwa amekitumia. Kaka aliwapeleka huko. Nataka nimseme kaka kwa haki. Yeye ndiye aliyempakia dada kwenye pikipiki yake akamfunga kwa kanga mgongoni kwake na kumpeleka hospitali mara ya mwisho. Yeye ndiye aliyetununulia dawa. Alikuwa tu haamini majani. Alisema ardhi ya baba ni ya chakula.

Yule mzee jirani, baada ya misimu mingi, alileta mtamba mwekundu, mtoto wa ng'ombe wake. Alimfunga kwenye mti wetu, akasema, "Huyu amekulia majani yenu tangu tumboni kwa mama yake. Ni mtoto wenu." Dada alikataa mara ya kwanza, kama inavyopasa, na akamkubali mara ya pili haraka kuliko inavyopasa. Wote tulicheka.

Kisha dada akaugua, na Agosti ile ikafika.

Alizikwa kando ya migomba. Nyumbani kwetu, siku za matanga jembe haligusi udongo. Shamba la marehemu linaachwa kama alivyoliacha mpaka matanga yaanuliwe. Kaka, kama mkubwa, alisimama baada ya mazishi akasema mbele ya watu wote kwamba hakuna mtu kuingia kwenye shamba la marehemu. Ilikuwa sawa. Ndivyo ilivyo.

Lakini kilikuwa kiangazi. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, tulisikia ng'ombe analia kutoka upande wa chini. Akaitikiwa na mwingine ng'ambo ya njia, na mwingine karibu na kanisa. Walilia wale wote waliokuwa wamefungwa kwenye mabanda, wakiwemo wa watu waliokuwa wamekaa na sisi msibani. Mzee jirani alikuwa kwenye benchi pamoja na wanaume, ametazama miguu yake. Ni nani angesema, mfiwa yupo pale, ng'ombe wangu ana njaa?

Shangazi yetu, mdogo wa baba, alikuwa amejilaza karibu na mimi. Aliinua kichwa.

"Huyo ni nani anayelia kutushinda sisi wafiwa?"

"Ni ng'ombe wa mzee, shangazi," nikasema.

"Anatuaibisha. Watu watasema sisi hatukumpenda marehemu."

Kicheko kilipita kwenye mikeka, kile cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kanga. Hata mimi kilinitoka, na hapo ndipo machozi yaliyokuwa yamenikwama tangu asubuhi ile yakatoka pamoja nacho.

Shangazi alikaa vizuri. Akamwita kaka.

"Mwanangu, wewe ulikataza nini jana?"

"Nilikataza kuingia shambani, shangazi. Ni mila."

"Mila inakataza jembe. Mimi nimekwenda matanga mengi kuliko wewe. Jembe haligusi udongo. Mundu umesikia unatajwa?"

"Sijasikia."

"Anayekata majani anagusa udongo?"

Kaka alivua kofia.

"Na huyu tuliyemlaza pale," shangazi akasema, akionyesha migomba kwa kidevu, "akisikia ng'ombe wanalia hivi na majani yako hapa, atatulia kweli? Mimi namjua. Atatoka."

Kaka alitazama chini kwenye mteremko. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Wakate. Lakini wasikanyage karibu na kaburi."

Mzee ndiye aliyeinuka wa kwanza. Halafu wakainuka wengine, wanaume kwa wanawake, wakaenda kuchukua miundu yao. Nilikuwa sijawahi kuwaona wote kwa pamoja. Kila siku alikuja mmoja asubuhi, mwingine mchana, nami niliwaona kama jirani huyu na jirani yule. Siku ile walipanda njia wakiwa na mizigo ya majani kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, wakipita mbele ya mikeka kwa heshima. Mstari ulikuwa mrefu. Kaka alisimama kwenye nguzo ya mlango akiwatazama mpaka wa mwisho alipopita.

Jioni ng'ombe walinyamaza. Asubuhi yake watu wale wakaja na maziwa kwenye vibuyu na madumu, kwa ajili ya chai ya wafiwa. Yalikuwa mengi mpaka shangazi aliwapa na wageni waliokuja kutoka Kaniha, kule Biharamulo, wabebe. Nilikunywa chai ile nikiwa na huzuni ambayo siwezi kuieleza, na nikishukuru pia, vyote viwili kwenye kikombe kimoja.

Siku ya kuanua matanga familia ilikaa. Nilijua ni hapo mteremko utakapoamuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini sikusema. Shangazi alinitazama, akanisubiri, akaona sisemi, akasema yeye kwamba nina haki ya kula mahali nilipolima. Kaka alijibu kwamba amesikia. Akasema sehemu ya juu atapanda mihogo kama alivyokusudia. Sehemu ya chini ibaki na majani kwa mwaka mmoja, kisha tutaona.

Sehemu ya juu iling'olewa. Sikwenda kutazama. Mihogo ilipandwa, na mvua za kwanza zilichimba mifereji miwili mahali makinga yalipokuwa na majani. Mihogo yenyewe ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo. Tumeila mimi na yeye.

Majani ya chini hayakutosha wote. Ilibidi nipange zamu, na wengine nikawapa vipingili wakapande kwao, kama dada alivyopewa vyake. Mtamba alizaa ndama jike. Nilijifunza kukamua upya, kwa vidole vilivyokuwa vimesahau.

Mwaka ulipotimia, baada ya misa ile niliyoshindwa kusema, nilimsubiri kaka aniambie tumeonaje. Alisema, "Tutaongea." Hatukuongea. Kila alipopita njiani niliacha nilichokuwa nafanya nikasikiliza kama hatua zake zinaingia kwetu. Nimeishi hivyo mwaka mzima, na ninaomba asiishi hivyo mtu yeyote.

Kiangazi hiki mwenye kile kilima ambako kaka alikuwa akichungia alirudi kutoka mjini. Ameweka nguzo na waya, na amepanda mikaratusi.

Wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa nafagia uwanja, nilimwona kaka anashuka njiani kwa miguu. Pikipiki aliiacha juu. Mkononi alikuwa na mundu, na hakuuficha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Alisimama akatazama mteremko. "Nimewafunga wale ng'ombe," akasema. "Tangu juzi."

"Wanakula nini?"

"Ndiyo nimekuja."

Nilimpeleka mwenyewe mpaka kwenye mstari uliokuwa umekomaa. Aliinama akaanza kukata, akiusogeza mundu karibu na ardhi.

"Inua kidogo, kaka. Acha kiganja kimoja."

"Kwa nini?"

"Dada alisema yakikatwa chini sana yanachelewa kuchipua."

Aliinua mundu, akakata. Alifanya kazi muda mrefu, na mimi nilifunga mizigo kwa nyuma yake, kama zamani nilivyokuwa nafuata nyuma ya dada. Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia.

"Yale maneno ya mwaka mmoja," akasema, "tuyaache."

"Haya, kaka."

"Na kule kwenye mihogo nikishaing'oa, vipingili utakuwa navyo?"

"Vipo."

Alijitwisha mzigo mmoja akaondoka, akarudi kuchukua wa pili. Jioni nilikuwa jikoni nikasikia hatua zinaingia. Alikuwa na tenga la samadi kichwani. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, akalimwaga kwenye shina lililo karibu na kaburi, akaligeuza tenga, akaligonga kitako chake mara kadhaa mpaka likawa tupu, akaondoka.